Uzi: Kumchuja mpangaji kabla hujamkabidhi funguo. Wenye nyumba, madalali na wapangaji tukutane hapa

Mwangalizi wa Nyumba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za kumtoa mpangaji msumbufu ziko nyingi. Huu ni wa kabla ya hapo, zile siku mbili tatu kati ya dalali kukuletea mtu na wewe kumpa funguo. Nazungumzia nyumba za kawaida za Dar: chumba na sebule, masta, vyumba viwili vya kujitegemea, kodi kati ya laki moja na laki sita. Wenye apatimenti za Masaki mna mawakala wenu, ila karibuni.

Nianze na linalokosewa kuliko yote. Kodi ya kwanza haikuambii kitu. Miezi sita ya mara moja mtu yeyote anaweza kuipata: kauza kiwanja, kapokea zamu yake ya upatu, kakopa, kalipwa mafao. Mwenye nyumba akishika 1,500,000 mkononi anajiona amepata mpangaji. Kinachotakiwa kujulikana ni kodi ya pili. Mwezi wa saba pesa itatoka wapi, na huyu mtu ana mazoea ya kuiweka kando?

Utaratibu wenyewe:

Kwanza, masharti yawe yameandikwa kabla hujamuona mtu, ukurasa mmoja tu, dalali awe nao kwenye simu. Kodi, miezi mingapi, dipoziti, idadi ya watu, gari, mifugo, biashara ndani ya nyumba, umeme unagawanywaje, geti linafungwa saa ngapi. Nusu ya watu wasiofaa watajiondoa wenyewe hapo, na hujapoteza nauli.

Pili, mpigie simu kabla hajaja kuona. Anaishi wapi sasa, amekaa muda gani, kwa nini anahama, anafanya kazi gani, wataingia wangapi, anataka kuingia lini. Sikiliza hasa la kwa nini anahama. "Kazini wamenihamishia Tegeta, foleni imenishinda" ni jibu linaloweza kuhakikiwa. "Mwenye nyumba ana roho mbaya" peke yake ni jibu la nusu, muulize kilichotokea. Na anayetaka kuingia leo usiku, hata choo hajakiona, ujue kuna mahali ametolewa.

Tatu, utambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu anayesema ana miaka 28 na namba yake inaanza na 1984, hapo simama. Wengi wana namba tu, kadi hawana, basi ongeza leseni ya udereva, pasipoti au kadi ya mpiga kura yenye picha. Kisha anzisha muamala wa kutuma elfu moja kwenye namba yake ya simu. Jina likitokea lisome, halafu sitisha. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo jina linatakiwa lifanane na la kitambulisho. Lisipofanana si lazima awe tapeli, watu wengi wanatumia laini za ndugu zao, lakini aeleze, na akupe namba iliyo kwa jina lake.

Nne, kipato. Tano, mwenye nyumba wa nyuma. Haya mawili ndiyo mwili wa kazi yote, nayaandikia chini peke yake.

Mwangalizi wa Nyumba

KIPATO. Kanuni ya wengi ni kodi isizidi theluthi ya kinachobaki mkononi. Kodi ya 250,000 inataka mtu anayebaki na 750,000 hivi. Lakini kwa malipo ya miezi sita hesabu hiyo haitoshi. Siku ya kuingia anatoa 1,500,000 ya kodi, 250,000 ya dipoziti, 250,000 ya dalali. Jumla milioni mbili. Akiingia amekauka kabisa, na kuanzia kesho yake anatakiwa aanze kuweka 250,000 kila mwezi. Muulize bila kuzunguka: unaiweka wapi? Mwenye kikoba, akaunti ya akiba au SACCOS atajibu papo hapo. Asiyewahi kufikiria atakuambia "Mungu ataleta". Mungu ataleta kweli, ila wewe tarehe unayo.

Mwajiriwa: omba slipu za mshahara za miezi mitatu, na usome mstari wa mwisho. Mshahara wa 1,200,000 ukitoa kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi, bodi ya mikopo (15% ya mshahara wa msingi) na mkopo wa benki unaweza kubaki laki nne na kitu. Mtumishi wa umma haruhusiwi kukatwa hadi abaki chini ya theluthi moja ya mshahara wake, kwa hiyo ukikuta slipu imesimama pale pale kwenye theluthi, ujue ameshakopa hadi ukingoni. Ofisi ipigie kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Swali ni moja tu: fulani anafanya kazi hapo? Mshahara hawatakutajia, na usiulize.

Mfanyabiashara: mtembelee kwenye fremu yake siku ya kazi, saa nne asubuhi, bila miadi. Nunua kitu. Duka lenye mzigo na wateja linajieleza. Akiwa na lipa namba, akuonyeshe miamala ya siku 90.

Kibarua, deiwaka, fundi: hawa si wapangaji wabaya, mzunguko wao ndio tofauti. Kumdai fundi rangi miezi sita ni kumlazimisha akope. Miezi mitatu, au hata mwezi kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, inalipika.

Kwenye taarifa ya akaunti au ya simu usiangalie salio la mwisho, hilo mtu anaweza kuazima kwa siku moja. Angalia salio linafika sifuri tarehe ngapi. Mshahara ulioingia tarehe 25 na kuisha tarehe 2 ni alama. Songesha (mkopo mdogo wa papo hapo wa M-Pesa) kila siku ni alama. Mikeka ya kubeti kila wikiendi, alama. Marejesho ya kila siku kwa watu wa kausha damu (wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa), hapo usiendelee.

MWENYE NYUMBA WA NYUMA. Wa sasa hivi anaweza kukudanganya, kwa sababu anataka mtu aondoke. Atamsifia. Mtafute wa kabla ya huyo, hana cha kupata wala kupoteza. Na namba uliyopewa inaweza kuwa ya rafiki yake, kwa hiyo weka kosa kwa makusudi: "Alikuwa analipa laki mbili na nusu, sivyo?" ilhali mpangaji alishakuambia ni 180,000. Mwenye nyumba wa kweli atakurekebisha papo hapo. Rafiki atasema ndiyo.

Maswali matatu yanatosha. Alichelewa mara ngapi na kwa siku ngapi? Aliondoka ameacha chumba na bili zikoje? Akirudi utampa? Hilo la tatu usikilize kigugumizi kuliko jibu.

Dalali Sinza

Mleta mada umesema vizuri, ila kuhusu sisi umepita juu juu. Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja siku mtu anapolipa. Akichujwa, dalali hali. Kwa hiyo usimtegemee dalali akuchujie. Atakuambia "huyu mtu wa benki, namjua", na amekutana naye saa mbili zilizopita kituoni.

Njia iliyopo ni kumwambia dalali mapema: mpangaji akitoka kwa kosa la kodi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, anayefuata utanitafutia bila kupandisha bei. Wa kweli atakubali. Kanjanja atakuambia haiwezekani.

La pili: aina ya tapeli asiyetaka kuishi. Anapanga nyumba nzima, analipa miezi mitatu bila kubishana, anachukua funguo. Wiki hiyo hiyo picha za nyumba yako ziko mtandaoni kwa bei ya kutupa, "mwenye nyumba yuko safari". Anakusanya miezi sita kwa watu saba, anazima simu. Jumamosi wewe unapigiwa kwamba kuna familia saba na magodoro getini. Dalili zake: haulizi maji, haulizi jirani, haulizi gari la takataka linapita lini. Mtu anayekuja kuishi anafungua bomba. Anapiga picha nyingi mno kwa nyumba aliyoshakubali, na hana mzigo wa kuhamisha. Muulize vitu vyako viko wapi sasa, na atavileta na gari gani.

Kalamu ya Haki

Naongezea upande wa sheria, kwa Tanzania Bara.

Kuchuja ni muhimu kwa sababu kumtoa mtu ni safari. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo leo mnabanwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba wenu. Mgogoro unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kukata umeme, kung'oa mlango, kuezua bati, kubadilisha kitasa mtu akiwa kazini, vyote hivyo vinakugeuza wewe mdaiwa.

Kwenye mkataba makosa yanajirudia manne.

Jina. Liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, yote matatu, pamoja na namba. "Baba Jeni" hashitakiki.

Watu. Wataje wote watakaoishi. Wakiwa wanandoa, wasaini wote wawili. Mume peke yake akisaini na baadaye akahama, unabaki na mke na watoto ndani, na unayemdai yuko Mwanza.

Mdhamini. Shahidi si mdhamini! Karibu kila mkataba unaouzwa dukani una sehemu ya shahidi, na watu wanadhani huyo atalipa. Shahidi ameona saini, basi. Mdhamini anatakiwa awe na kipengele chake: "nitalipa kodi na uharibifu hadi kiasi cha shilingi kadhaa iwapo mpangaji atashindwa", asaini chini yake, aweke nakala ya kitambulisho. Na ahojiwe kama mpangaji: anafanya kazi gani, anaishi wapi. Mdhamini asiye na kipato ni mapambo.

Stempu. Ushuru wa stempu kwa mkataba wa pango ni 1% ya kodi ya mwaka. Kodi ya 250,000 kwa mwezi ni 3,000,000 kwa mwaka, ushuru 30,000. Mkataba usiolipiwa ushuru huu unakataliwa kama ushahidi hadi ulipiwe, na ukichelewa kuna adhabu. Mpangaji akiwa kampuni, yeye anatakiwa kuzuia 10% ya kodi na kuiwasilisha TRA. Akileta pungufu usidhani anakuibia, mdai cheti cha zuio.

Mpangaji wa Uani

Wakuu, na sisi wapangaji tuseme. Haya ya NIDA, slipu, miamala ya siku 90, sawa. Lakini nakala hizo zinaishia wapi? Mtu anaona nyumba tano kwa wiki moja, kwa hiyo kaacha nakala tano za kitambulisho kwa madalali watano, wawili hata majina yao halisi hayajui. Kesho kuna mkopo kwa jina lake.

Na lile swali la "umeolewa?" linaulizwa kwa dada anayelipa mwaka mzima kwa pesa yake. Mwanaume mwenye slipu ile ile haulizwi.

Kalamu ya Haki

Dada, la nakala una haki kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi kinachohitajika, zisitumike kwa jambo lingine. Kwa mpangaji: andika juu ya nakala yenyewe, kwa kalamu, ikatize katikati ya picha: "Kwa maombi ya kupanga nyumba Sinza tu", weka tarehe. Kitambulisho aonyeshwe dalali kwa macho, nakala apewe mwenye nyumba siku ya kusaini. Taarifa za miamala zionyeshwe kwenye simu yako, usizitume. Na ukitaka kujua kama kuna laini zimesajiliwa kwa NIDA yako bila wewe kujua, piga *106#.

Kwa wenye nyumba: lile kundi la WhatsApp la kurushiana picha za vitambulisho vya "wapangaji wasumbufu" lifungeni. Na uliyemkataa, mrudishie karatasi zake au zichane mbele yake.

Mwangalizi wa Nyumba

La ndoa nakubaliana na dada. Swali la ndoa halikupi kodi. Unachotaka kujua ni wangapi watalala humo kila siku, wageni wa kudumu wapo au hawapo, na muziki. Uliza hayo, kwa wote, kwa maneno yale yale. Anayekataa "mabachela" anaacha watu wanaolipa vizuri. Anayekataa kabila fulani anajipunguzia wateja kwa jambo lisilohusiana kabisa na kodi.

Fundi Nyaya

Mnasahau umeme, na ndiyo ugomvi namba moja kwenye nyumba za korido. LUKU moja, vyumba sita. Kumchuja mpangaji bila kumuuliza vifaa vyake ni kazi nusu.

Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Jiko la umeme la sahani moja la wati 1,000, likiwaka saa mbili kwa siku, ni uniti 2, yaani 60 kwa mwezi. Mita ya kundi la bei nafuu ni ile isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo chumba kimoja chenye jiko kinakaribia kuzimaliza uniti hizo za nyumba nzima, mita inahamishwa kundi la juu, na bei ya uniti inakuwa karibu mara tatu. Wanaowasha taa na kuchaji simu wanalipa gharama ya jiko la jirani, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Hita ya kuogea ndiyo usiseme, na nyaya za nyumba nyingi za zamani hazikupimwa kwa mzigo huo. Plagi inayeyuka.

Kwa hiyo kabla ya mkataba: orodha ya vifaa. Friji, pasi, jiko, hita, birika, mashine ya kufulia, cherehani ya umeme. Kisha weka sabumita (mita ndogo ya ndani) kila chumba, soma tarehe moja kila mwezi, kila mtu achangie uniti zake. Kugawa kwa idadi ya vyumba kunafanya kazi tu kama wote wana vifaa sawa, jambo ambalo halipo.

Na ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni ya mwenye nyumba. Semeni siku ya kwanza inafidiwa vipi. Kiasi ni kidogo, lakini imeshavunja urafiki mwingi.

Mama Mabibo

Kwa wanaopangisha wanafunzi: usimpime mwanafunzi kwa kipato, mpime anayemlipia. Kitambulisho cha chuo, barua ya udahili au fomu ya usajili ya mwaka huu (ya mwaka jana haina maana, anaweza kuwa alishaacha), na namba ya mzazi uliyozungumza naye mwenyewe. Mzazi ndiye awe mdhamini. Anayetegemea boom (pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo) peke yake, jua boom linachelewa, kwa hiyo tarehe ya kodi iwekwe wiki kadhaa baada ya chuo kufunguliwa, si siku ya kufungua. Chumba cha wawili waingie wawili wenye mkataba mmoja, kila mmoja akiwajibika kwa kodi yote. Ukiandika nusu nusu, mmoja akiacha chuo unabaki na nusu kodi na chumba kimejaa.

Pwani Mombasa

Hamjambo ndugu. Huku kwetu kodi ni ya mwezi kwa mwezi, yalipwa kufikia tarehe tano, na dipoziti ya mwezi mmoja. Kwa hivyo tunajua mapema zaidi: mpangaji mbaya ajionyesha mwezi wa pili, hangoji wa saba. Nyinyi mwachukua miezi sita mkidhani ni usalama, kumbe mwanunua upofu wa miezi sita.

Wengine huitisha cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi ya Kenya), waomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa nyumba ndogo naona ni usumbufu bure, cheti hakisemi kama mtu hulipa kodi. Cha maana ni taarifa ya M-Pesa, na msikubali iliyochapishwa. Faili huja ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, basi aifungue mbele yako kutoka kwenye barua pepe iliyoileta. Iliyochapishwa hurekebishwa na kijana yeyote wa saiba.

Mwangalizi wa Nyumba

"Mwanunua upofu wa miezi sita." Mkuu wa Mombasa, hilo nalichukua. Kwa nyumba za chini ya laki mbili naona miezi mitatu inatosha kabisa. Miezi sita inawapendelea wenye pesa ya ghafla na kuwafukuza wenye kipato kidogo cha uhakika.

Bati la Msauzi

Barua ya serikali ya mtaa je? Wengine wanasema bila barua ya mtendaji usimpokee mtu.

Dalali Sinza

Barua ya mtaa anaotoka inasema mtu huyu anaishi hapa na tunamfahamu. Haisemi analipa kodi. Ni nzuri kwa jambo moja: kuhakikisha anwani aliyokutajia ni ya kweli. Angalia muhuri, tarehe isiwe ya mwaka juzi, na namba ya simu ya ofisi uipige. Bora kuliko barua ni mjumbe wa pale. Mjumbe anajua nani alitolewa vitu nje. Ukifika na soda mbili unapata habari zote, hata usizoziomba.

Na akishaingia kwako, mpeleke au muelekeze kwa mjumbe wako aandikwe kwenye daftari la wakazi. Anayekwepa kuandikwa, muulize sababu.

Kalamu ya Haki

Mgeni kutoka nje ya nchi: pasipoti na kibali cha ukaazi, daraja A kwa mwekezaji, B kwa mwajiriwa, C kwa wengine kama wanafunzi. Soma tarehe ya mwisho. Kibali kinachoisha mwezi wa nne na mkataba wa miezi kumi na miwili haviendani, weka kipengele cha kuhuisha. Kumhifadhi mtu asiye na kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji, na "sikujua" si utetezi mzuri kama hukuomba hata kuona pasipoti. Kodi iandikwe kwa shilingi: kanuni za Machi 2025 zimezuia kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Mwangalizi wa Nyumba

Kuhusu malipo, maana hapa ndipo waliochuja vizuri wanapoangukia.

Meseji si pesa. Meseji ya muamala inatengenezwa kwa dakika moja, ikija kutoka namba ya kawaida badala ya jina la mtandao ndiyo kabisa. Slipu ya benki nayo ni karatasi tu, na hundi inaweza kugonga mwamba siku tatu baadaye. Pokea kwa akaunti au simu iliyo kwa jina lililo kwenye mkataba, fungua salio mwenyewe, lione limeongezeka, ndipo utoe risiti na funguo. Ijumaa jioni ndiyo saa wanayoipenda, "benki imefungwa, Jumatatu utaiona". Jibu ni kwamba na funguo ataziona Jumatatu.

Hela ya kushika chumba iwe ndogo, iandikiwe karatasi: kiasi, siku ngapi, nini kitatokea akighairi, na nini kitatokea wewe ukimkataa baada ya kuhakiki. Ukimkataa, inarudi yote, siku hiyo hiyo. Na usiposti "imechukuliwa" kabla hujamaliza kupiga simu zako.

Bati la Msauzi

Swali la mwisho mkuu. Tuseme una wawili mezani, kodi 300,000. Mmoja anatoa mwaka mzima, 3,600,000 taslimu, leo, ila hataki kutaja alikokuwa anaishi, anasema alikuwa kwa ndugu. Wa pili ana miezi mitatu tu, slipu inabaki 870,000, wenye nyumba wawili wa nyuma wamesema alichelewa mara moja, siku tisa, na alitoa taarifa mapema.

Mwangalizi wa Nyumba

Wa pili. Kodi kwake ni 34% ya kinachobaki, imegusa mpaka lakini inabebeka, na aliyechelewa siku tisa akapiga simu kabla ya tarehe ni bora kuliko asiye na rekodi kabisa. Mwandikie tarehe nne za malipo kwenye mkataba, zote, mwaka mzima, na kila moja iwe siku tano baada ya mshahara wake kuingia.

Wa kwanza usimfukuze. "Kwa ndugu" inawezekana, vijana wengi wanaanza hivyo. Omba namba ya huyo ndugu, mtaa, na mjumbe. Akitoa vyote ndani ya siku moja, na chumba cha pili kikiwa wazi, mhoji kama wengine. Akikasirika, mrudishie karatasi zake.

Fundi Nyaya

Na kabla ya kumpa huyo wa pili funguo, pigeni picha ya mita na salio la uniti, bili ya maji isomwe, kisha wote wawili msaini nyuma ya orodha ya vifaa. Jiko la umeme lipo au halipo?